Siku tatu kwa tanga, Kigungu mpaka Ssese: nahodha mzuri, mshono mbovu

Baba yangu alikuwa mshona matanga, Lamu, na mimi nilijua kushika sindano kabla sijajua kukuna nazi. Mtu akinialika kwenye mashua ya tanga, siangalii godoro wala choo kwanza. Naangalia mishono. Nayasema haya mapema ili anayesoma ajue anamsoma nani.

Nina kibanda cha ushonaji Kiyembe, hapa Kampala, mwaka wa kumi na tisa huu. Nashona gomesi, kanzu na sare za shule. Sikuwahi kufikiria kwamba nitalipa pesa zangu kusafiri kwa tanga, maana kwetu tanga lilikuwa ndiyo lori: lilileta boriti, chokaa na makuti, na mtu akipata nauli ya basi alilikimbia. Na kwa kweli sikulipa. Alilipa binti yangu, shukrani eti ya kumsomesha. Laki sita na nusu kwa kichwa, siku tatu, malazi mawili humo humo chomboni, chakula, na kile wanachokiita safari ya urithi wa ziwa, pamoja na mtembezaji wa kutusimulia. Jina la kampuni silitaji. Nahodha ameniomba nimpe muda arekebishe mambo mawili matatu, nami nimemkubalia.

Tuliondoka Kigungu, pale Entebbe ukingoni mwa Ziwa Viktoria, kuelekea visiwa vya Ssese. Kama hujafika, Kigungu ndipo waliposhukia Padri Lourdel na Bruda Amans tarehe 17 Februari 1879, kwa mtumbwi kutoka kusini mwa ziwa, na Wakatoliki wa Uganda huenda kuhiji hapo. Mtembezaji wetu aliisimulia hadithi hiyo vizuri, mpaka jinsi Lourdel alivyoitwa Mapeera, Waganda walivyoyasikia maneno ya Kifaransa ya kumwita padri. Sikuwa na neno. Ila aliposema hao ndio walioileta dini huku, ilibidi nimkumbushe kwa adabu kwamba Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara Mwislamu, alikuwa ameshakaa kwenye baraza la Kabaka Suna, mfalme wa Buganda, mwaka 1844, na hakwenda kuuza shanga tu. Akacheka, akasema, "Kweli, Hajjati." Sijahiji bado, lakini Kampala ukijitanda mtandio na umri umekwenda, utaitwa Hajjati tu.

Mashua yenyewe ni ya faiba, futi thelathini hivi, mlingoti mmoja, tanga kubwa na tanga la mbele, na mashine ndogo ya dizeli. Wazee walisema tezi na omo, marejeo ni ngamani: nyuma na mbele ya chombo utazunguka, mwisho utarudi tumboni mwake. Mimi nilianza na ngamani kabisa. Nilimwomba kijana msaidizi afunue ubao wa sakafu nione chini kuna nini. Aliniona kituko, lakini alifunua. Ngama ilikuwa kavu, hainuki dizeli, na pampu ipo. Jaketi za kuokolea zilikuwa nane kwa watu saba, filimbi zake zimo, na nahodha hakung'oa nanga mpaka kila mmoja amefunga mikanda. Hilo nawapa alama zote. Tangu ule mkasa wa Novemba 2018, chombo cha starehe kilipozama upande wa Mukono na watu zaidi ya 30 wakafa, mimi sikanyagi kitu chochote kinachoelea ziwani bila jaketi mwilini.

Kisha nikainua macho kwenye tanga kubwa, moyo ukaniingia baridi. Kitambaa kilikuwa kizima, kile kigumu kinacholia kama karatasi. Uzi ndio uliokuwa umekufa. Jua la ikweta hula uzi kabla halijala kitambaa. Ukipitisha ukucha juu ya mshono na uzi ukatoka unga, huo si mshono tena, ni desturi tu. Na karibu na ukingo wa nyuma, mahali panapopigwapigwa na upepo kuliko pote, palikuwa na kiraka cha selotepu. Selotepu! Nikamwambia binti yangu, "Hili litafunguka leo." Akaniambia nisianze.

Basi tukatweka tanga, saa moja na nusu asubuhi. Hapa lazima niseme kidogo juu ya upepo, kwa sababu wengi wanaoulalamikia usafiri huu hawakuelezwa. Kwetu pwani kusi, upepo wa kusini, ina miezi yake, na kaskazi, upepo wa kaskazini, ina miezi yake. Nyanza, yaani ziwa hili, ina kusi na kaskazi ya siku moja. Asubuhi upepo hutoka bara na kukusukuma taratibu kuelekea ziwani. Ukikaribia mchana unakufa, ziwa linakuwa shwari kama sahani. Halafu alasiri unaamka kutoka kusini, kutoka ziwani, unakuja juu ya Entebbe kwa nguvu. Ssese iko kusini. Kwa hiyo kwenda ni kubishana na upepo nusu ya safari, na kurudi ni kubebwa. Feri ya MV Kalangala, inayotoka Nakiwogo, hufika Lutoboka kwa saa tatu na nusu hivi. Sisi tulichukua muda wa saa kumi na moja. Mwenye haraka apande feri.

Nahodha ni mtu wa visiwani, mtu mzima, aliyefanya kazi Mwanza miaka mingi, na Kiswahili chake ni cha huko: mwalo, sangara, dagaa. Majina ya kamba na milingoti alifundishwa kwa Kiingereza na wazungu aliokuwa akiwaendeshea mashua. Aliponisikia nikinong'ona "ashike demani yake vizuri," akanigeukia.

"Mama, hiyo kamba mnaiitaje?"

"Demani. Na hiyo ya kutwekea ni jarari. Na huo mti ulioushika wa kuendeshea ni kana."

"Na hii, ya kugeuka geuka kupanda upepo?"

"Kubisha."

Akairudia mara mbili. "Kubisha. Kama mtu mkaidi." Tangu hapo kila tulipogeuza chombo alipaza sauti kwa msaidizi wake, "Tunabisha!" na yule kijana hakujua acheke au avute.

Ikweta tuliivuka kabla ya saa sita. Hakuna alama, ni maji tu, na nahodha alituonyesha namba kwenye simu zikishuka mpaka sufuri kisha zikaanza kupanda tena. Mtembezaji alitoa beseni lenye tundu atuonyeshe maji yanavyozunguka kulia na kushoto, kama wanavyofanya pale Kayabwe kandokando ya barabara ya Masaka. Maji ya beseni hayana habari na ikweta. Yanafuata mkono wa anayeyamimina. Na juu ya chombo kinachoyumba hayakuzunguka popote, yalimwagika kwenye viatu vya bwana harusi. (Tulikuwa na maharusi wawili wapya kutoka Jinja, watu wapole, waliolala usingizi sehemu kubwa ya urithi wa ziwa.)

Shwari ilitushika kama saa moja na nusu. Hapo tuliona ile miti ya moshi inayosimama juu ya maji, nyeusi, mirefu: si moshi, ni wadudu wa ziwani, mamilioni. Upepo ukiwaleta kwako, funga mdomo. Kisha doria ya wanajeshi ikaja kutuuliza tunatoka wapi na tunaelekea wapi. Jeshi la Uganda Kiswahili ni chakula chake, kwa hiyo nilijibu mimi, kwa Kiamu changu, Kiswahili cha Lamu, na askari mmoja akasema, "Mama, Kiswahili chako kina sukari nyingi," wakatupungia mkono wakaenda zao.

Saa nane kusi ikaamka. Saa tisa kasoro, wakati wa kubisha mara ya tatu, ile selotepu ikaachia kwa mlio nilioujua tangu utoto, trrrr, na mshono ukafunguka urefu wa mkono wangu mzima kutoka begani. Sikusema neno. Binti yangu aliniangalia, naye hakusema neno. Nahodha alilitua tanga kubwa upesi bila kelele wala kufokea mtu, akawasha mashine, akaacha tanga la mbele lituegemeze, tukaingia ghuba ya Lutoboka jua likizama nyuma ya msitu. Jinsi mtu anavyofanya kitu kinapoharibika ndivyo ninavyompimia, na huyu alipita.

Chakula cha usiku nitakipitia haraka kwa sababu hakistahili zaidi. Sangara, ambaye huku wanamwita mputa, alikaangwa mpaka akawa mbao. Matoke yalikuwa mazuri. Chai haikuwa na tangawizi wala haya.

Baada ya kula nikasema niletewe tanga. Mkobani kwangu hakukosekani sindano nene na uzi wa kushonea viti vya magari. Kijana alinishikia tochi. Kwanza nilikwangua gundi ya ile selotepu yote kwa kijiko, kwa sababu gundi hunata kwenye sindano na kila tundu inaligeuza kuwa donda. Kisha nikatoa uzi wa zamani, vipande vipande, nikapiga bandi ili pande mbili zikae sawa, zisitembee. Halafu ndiyo nikashona, mshono wa kwenda na kurudi kama meno ya msumeno, ili tanga likivutwa mshono uvutike nalo usikatike. Baba alikuwa na kipande cha ngozi cha kuvaa kiganjani cha kusukumia sindano. Mimi nilitumia kifuniko cha chupa ya soda ndani ya kitambaa. Ilinichukua saa mbili na robo. Kiganja kiliniuma siku nne. Nahodha alikaa pembeni muda wote, na alipoona namaliza akauliza kwa nini sikuufuata mstari ule ule wa matundu ya zamani. Nikamwambia: kitambaa kilichotobolewa mara mbili pale pale ni stempu ya posta, kitachanika kwa mstari.

Usiku ule, kwenye saa tisa, ikaja dhoruba. Nyanza hupenda kufanya fujo zake usiku na alfajiri, wakati nchi kavu imelala. Radi juu ya maji yote, mvua ya kulala upande. Nilichungulia nikamwona nahodha amekaa sitahani na koti la mvua, mkono juu ya kamba ya nanga, anaisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua. Nikarudi kulala.

Siku ya pili ndiyo iliyokuwa ya urithi, na hapa ndipo nina maneno.

Mtembezaji anajua tarehe. Anajua Speke, anajua Stanley, wale wasafiri wa Kizungu waliofika ziwani. Alituambia kwamba mwaka 1875 Stanley alilizunguka ziwa hili kwa mashua yake, Lady Alice, na akaishia hapo, kana kwamba mtu yule alikuwa na mikono ishirini. Mashua ile ya mierezi iliundwa Uingereza kwa vipande, na vipande vile vilibebwa mabegani kutoka Bagamoyo kuanzia Novemba 1874 mpaka kusini mwa ziwa. Ilipoelea, Machi 1875, waliopiga makasia na kushika usukani walikuwa Wangwana, watu wa Unguja na mrima. Walizunguka Nyanza yote kwa muda usiotimia miezi miwili. Wala hawakuwa watu wa pwani wa kwanza kutaka tanga kwenye maji haya: Songoro, mfanyabiashara wa kwetu, alikuwa akiunda jahazi huko kusini miaka hiyo hiyo, na jahazi lake wamisionari wa Kiingereza walilinunua, kisha yeye na wawili kati ya wamisionari wakauawa Ukerewe, Desemba 1877. Hadithi kama hiyo unaiachaje, na una abiria wanne juu ya tanga, saa nzima hawana pa kwenda?

Tena wenyewe Waganda na Wassese! Hawakutumia tanga, walipiga kafi, na kwa kafi walikuwa na manowari. Gabunga alikuwa mkuu wa mitumbwi ya Kabaka, cheo kizima, mtu wa ukoo wa Mmamba, na Kabaka Mutesa alimfanyia Stanley gwaride la mitumbwi Busabala, Aprili 1875. Mitumbwi yenyewe ilikuwa ya mbao zilizoshonwa. Narudia: zilizoshonwa. Mkuku wa mti mmoja uliochongwa, juu yake mbao, na mbao zinafungwa kwa nyuzi za mimea, tundu kwa tundu, na mbele inatokeza pua ndefu yenye pembe za swala na manyoya. Mimi nilizaliwa kwenye mji wa mitepe. Mtepe ni jahazi la mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi, bila msumari, na tanga lake la mkeka. Mifano midogo ipo makumbusho ya Lamu na tulikuwa tukipelekwa kuitazama shuleni. Na huku, mwendo wa siku nyingi kutoka baharini, watu ambao hawakuwahi kuuona mnazi walikuwa wakishona vyombo vyao kwa hekima ile ile. Mtembezaji aliligusa jambo hili kwa sentensi moja, kisha akatuonyesha tumbili.

Kilichoniokoa ni fundi mmoja kwenye mwalo, ufuko wa wavuvi, tuliposhuka kununua nanasi. Alikuwa akiunda mtumbwi mkubwa wa uvuvi, wa misumari, na alikuwa kwenye kalafati: anachukua pamba, anaisokota kidoleni iwe kama utambi, anaizamisha kati ya mbao mbili kwa patasi butu, tk, tk, tk, halafu juu ya mshono anapigilia ukanda wa bati. Nilimuuliza kwa Kiganda changu kibovu kama aliwahi kuona mtumbwi wa kushonwa. Hakuona. Babu yake alikuwa akisimulia. Akachukua kijiti akachora mchangani jinsi uzi ulivyopita, ndani, nje, ndani, na pale uzi unapotoka panabanwa kwa nyuzi za mgomba maji yasipenye. "Hajjati, kumbe sisi na wewe kazi ni moja," akasema. Nilipiga picha ya mchanga ule. Kati ya laki sita na nusu za binti yangu, laki tatu nazihesabia hapo.

Kwa nini babu ndiye wa mwisho kusimulia, nalo jambo lile lilistahili kuelezwa. Malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, iliua watu zaidi ya 200,000 kwenye kingo za ziwa upande wa Uganda mwanzoni mwa karne iliyopita. Gavana Hesketh Bell akaamuru watu wahamishwe kandokando ya maji na visiwani, na kufikia mwaka 1909 Ssese ilikuwa imebaki ya mbung'o na viboko. Waliporuhusiwa kurudi, miaka ilikuwa imepita, na kazi ya mkono ni kama chachu, ukiiacha inakufa. Bandari ya Luzira mpaka leo inaitwa Port Bell, kwa jina la gavana huyo. Haya nilisimuliwa na nahodha, si mtembezaji, tukiwa tunaipita Bubembe, kisiwa cha Mukasa, lubaale (mungu wa jadi) wa ziwa, ambaye wapiga kafi walikuwa wakimwomba samaki na maji matulivu. Nahodha ni Mkatoliki wa kwenda misa, lakini alipofika mkabala na Bubembe alivua kofia. Sikumuuliza.

Onyo dogo kwa watakaokwenda: mwaloni usishuke miguu mitupu kwenye maji ya kina kifupi penye majani, kichocho kipo. Mashua ina mtumbwi mdogo wa kushukia. Udai utumike, kwa sababu kijana huwa mvivu kuushusha.

Kurudi kulikuwa raha ambayo sina hakika naweza kuieleza. Tuling'oa nanga saa tano, tukangoja kidogo nje ya ghuba, kusi ikaja kwa nyuma, matanga yakafunguliwa huku na huku kama mtu anayekumbatia, mashine ikazimwa, na sauti iliyobaki ni ile ya maji chini ya omo. Saa nne na nusu mpaka Kigungu. Nahodha alinipa kana. Nilikuwa sijashika kana tangu nina miaka kumi na mitatu, na baba alikuwa akinipa mahali shwari tu. Mshono wangu ulikuwa juu ya kichwa changu, umejaa upepo, haujalegea hata uzi mmoja. Binti yangu alinipiga picha ambayo simwonyeshi mtu.

Alama zangu: nahodha tano juu ya tano. Usalama tano. Chakula mbili, na moja kati ya hizo ni ya matoke. Urithi wa ziwa mbili na nusu, na ningewashauri wamlipe yule fundi wa mwaloni nusu saa kila safari, awachoree watu mchangani. Hali ya matanga, moja.

Hiyo moja, niwe mkweli, sasa ina maslahi ndani yake. Wiki iliyopita nahodha alikuja Kiyembe na tanga limekunjwa juu ya bodaboda. Halikuingia kibandani, nimelitandaza koridoni usiku baada ya wenzangu kufunga, na nimehesabu mishono kumi na minne ya kurudiwa yote. Nimemwambia bei. Ameniambia mwenye mashua yuko safarini.